Bendera ya Njano, Maji Mekundu

Mahali unapofanya kazi, mnampa nani zawadi, na zawadi hiyo inamuumiza nani?

Usijibu haraka. Nimewauliza swali hili wakubwa wa ofisi na wakubwa wa makanisa, na karibu wote hujibu nusu ya kwanza tu. Wanalijua jina la mfanyakazi wao bora, na picha yake wameibandika ukutani. Nusu ya pili huwakasirisha. Wanasema zawadi haijawahi kumuumiza mtu. Ndiyo maana ninaandika habari za Lynnet Awuor, meneja wa chama cha wachimbaji dhahabu kwenye kilima kimoja cha Masara, kaunti ya Migori. Yeye zawadi yake aliishona kwa mikono yake mwenyewe.

Lynnet si mtu wa mashimo kwa kuzaliwa. Kwao ni Mfangano, kisiwani, katika boma linalotazama ufuo. Baba yake alikuwa mvuvi hadi kifo chake, na mama yake, Rispa, hadi leo huanika omena juu ya nyavu kuukuu na kuwafukuza kunguru kwa kuwatajia makosa yao mmoja mmoja. Lynnet alisomea usimamizi wa vyama vya ushirika katika chuo kidogo mjini Homa Bay, akaolewa na dereva wa lori wa Suna, na hivyo msichana wa ziwani akajikuta akiishi na watu wanaotafuta riziki yao chini ya ardhi.

Nilipofika Masara mwaka jana kujifunza kazi, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, chama kilikuwa tayari mikononi mwake. Kabla yake, wazee wa pale waliniambia, chama kilikuwa mhuri na viti vya plastiki. Yeye ndiye aliyewavalisha watu kofia ngumu. Ndiye aliyetafuta machela ya kumbebea aliyeumia, maana zamani walitumia mlango. Aliweka sharti kwamba mtu asishuke peke yake, na jioni alisimama kwenye njia ya kurudi akiita majina mpaka wote waitikie. Wanaume wenye misuli kama kamba za nanga waliitika "niko" kama watoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyethubutu kumcheka usoni.

Kilima kile kina mashimo matatu ya kazi. La karibu na kilele watu huliita Juu, basi. Ni la Jeff, kijana aliyerithi ardhi ya baba yake pamoja na kesi zake. La pili ni Kati. Vifaa vyote vya Kati, kuanzia pampu hadi nguzo za kuzuia kuta, ni vya Ahmednur, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, Mwislamu aliyetoka Garissa na kukaa hapa miaka mingi hadi akajua Kidholuo cha kutaniana. La tatu ni Chini, mguuni mwa kilima, na hilo ni la kikundi cha wachimbaji wenyewe. Katikati ya mashimo haya kuna jingine lililochimbwa na watu waliokwisha kuhama na kusahauliwa. Hilo huitwa Shimo la Zamani.

Adui wa kila shimo ni maji. Alfajiri, kabla mtu hajashuka, pampu hunguruma kilima kizima, na maji yanayotolewa lazima yaende mahali. Upande wa mashariki kuna mteremko mzuri unaoshuka hadi kwenye kijito. Lakini kati ya mashimo na mteremko huo kuna ua wa Jeff, ua wa ojuok, ule mmea wa kijani wenye matawi membamba na utomvu mweupe ambao watu wa hapa hupanda mpakani. Baba yake aliupanda baada ya kushinda kesi ya ardhi iliyomzeesha. Jeff hakukubali paipu ipite hapo, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Ukiruhusu paipu, alisema, kesho itakuwa mfereji, mfereji utakuwa njia, na siku moja utaamka ukute njia imekuwa mpaka. Hivyo wote wakaelekeza maji kwenye Shimo la Zamani. Halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo halikuwa na wa kulalamika.

Wakati fulani kazi ilizorota. Vijana walichelewa, na pampu zilizimwa kabla ya wakati. Lynnet alifanya kile ambacho kila kitabu cha usimamizi kingemwambia afanye: akaanzisha mashindano. Alichukua kitambaa cha pazia cha rangi ya njano, akashona bendera, akapindia kingo zake vizuri. Mwisho wa kila mwezi, shimo lililokaa kavu kuliko mengine na kutoa mawe mengi lingeipandisha kwenye mti mrefu na kukaa nayo mwezi mzima. Bendera haikuja na kitu kingine chochote, wala haikuhitaji. Usiwadharau watu wanaoshindania kitambaa. Mtu anayefanya kazi gizani anataka kuonekana.

Kilima kikachangamka. Ahmednur akaleta pampu kubwa zaidi Kati. Jeff akaazima injini ya pili. Vijana wa Juu wakatunga wimbo wa kuwakejeli wa Kati, na wa Kati wakajibu kwa wimbo uliomhusu mama mkwe wa Jeff, ambao siwezi kuuandika hapa. Wageni kutoka ofisi za mjini wakaja, wakapiga picha chini ya bendera, wakasema laiti vyama vyote vingekuwa hivi. Lynnet alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Kila shimo alilolitazama lilikuwa linafanya vizuri. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kutazama baina ya shimo na shimo.

Chini peke yake haikupata kuipandisha bendera. Kila walipokausha, maji yalirudi. Na humo ndimo alimofanyia kazi Nashon, mdogo wake Lynnet, kitinda mimba wa Mama Rispa.

Lynnet mwenyewe ndiye aliyemleta. Nyavu zake kule Mfangano zilikuwa zikipanda tupu wiki baada ya wiki. Nashon alikuwa mtu wa maji aliyejikuta anafanya kazi ya kuyakimbia maji. Wenzake walimwita Mvuvi, wakimuuliza dhahabu hutegwa kwa chambo gani, naye aliwajibu kwamba hutegwa kwa wajinga, ndiyo maana wao wako mbele. Jioni dada yake alipoita majina, yeye aliitika kwa sauti ya mbuzi. Alikuwa akiitazama bendera kule juu na kumwambia, "Dada, hiki kitambaa chako kinaogopa kuteremka."

Ikatokea kwamba vijana wa Juu walikuta tabaka la udongo mwekundu, mwekundu hasa. Baada ya muda, maji yaliyokuwa yakivuja kwenye kuta za Chini nayo yakabadilika rangi. Sasa wewe msomaji umekwisha kuelewa, maana nimekupangia mambo kwa mstari. Watu wa Chini hawakupangiwa. Walikuwa na maelezo yao tayari. Kwenye mashimo yetu kuna mwiko kwamba mwanamke aliye katika siku zake asikaribie mdomo wa shimo, na walipoona maji mekundu walijua, bila shaka yoyote, kwamba mwanamke fulani amekaribia. Wanawake waliokuwa wakichambua mawe pale wakafukuzwa hadi ng'ambo ya barabara, mbali na kivuli. Aliyelaumiwa kwa jina ni Damaris, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikaa karibu zaidi. Lynnet hakuuamini mwiko huo. Aliuacha upite ili kazi iendelee. Kwa hiyo ishara pekee ambayo kilima kilikuwa kimetoa ikafukuzwa pamoja na wanawake.

Siku za mwisho za mwezi, Juu na Kati walikuwa wamelingana. Pampu zao hazikupumzika. Shimo la Zamani likajaa hadi juu, na ukuta uliolitenga na njia ya chini ya ardhi ya Chini, ambao hakuna aliyejua unene wake, ukaachia. Wenzake Nashon wawili walikuwa karibu na ngazi, wakapanda huku maji yakiwafuata. Yeye alikuwa mwisho kabisa wa njia. Jioni ile Lynnet alisimama mahali pake na kuita majina. Aliliita na la Nashon. Kisha akaliita tena.

Kuanzia hapo, jambo moja tu lilibaki kwa Lynnet. Kila mtu alijua kwamba Nashon hayuko hai, na hakuna aliyelizungumza kwa namna nyingine. Lakini Mjaluo huzikwa kwao. Mama Rispa alikuwa akingoja mtoto wake arudishwe Mfangano, alazwe pembeni mwa nyumba ya baba yake, na bila mwili hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Lynnet ndiye aliyemtoa kisiwani. Alipaswa kumrudisha.

Watu wa Chini walivuta maji kwa siku kadhaa. Maji yalikaa pale pale, kama mtu aliyekataa kuondoka kwenye kiti. Na Juu na Kati? Walikuja kutoa pole. Walileta sukari na majani ya chai, wakavua kofia, wakasimama kimya pamoja na wafiwa. Halafu walipanda kilima wakawasha injini. Ajali ilikuwa ya Chini. Walisikitika kwa dhati, na kwa mikono yao wenyewe waliendelea kumwagia maji kaburi lake. Ndugu zangu, ninayaona mambo haya katika kila hospitali ambapo wodi moja inajisifu kwa vitanda vitupu huku wagonjwa wake wamelala sakafuni wodi ya pili. Ninayaona katika kila ofisi ambapo idara moja imemaliza kazi yake kwa kuisukuma mezani kwa jirani. Hakuna mwovu. Kuna pampu nyingi nzuri, na shimo moja lisilo na mwenyewe.

Mama Rispa alipiga simu asubuhi moja. Nilikuwa ofisini, chumba cha mabati chenye meza moja. Spika ya sikioni ya simu ya Lynnet ilikuwa imeharibika, hivyo tulimsikia sote. Alizungumza Kidholuo, taratibu. Aliuliza kama wamempata. Lynnet akasema bado. Akauliza kama watu wanakula. Kisha akanyamaza, na katika ule ukimya mngurumo wa kilima ukaingia kwenye simu.

"Huo mlio ni wa nini, nyathina?" aliuliza. Nyathina ni mwanangu.

"Ni pampu, mama."

"Za kumtafuta?"

Lynnet alitazama mlangoni, kuelekea kilele.

"Hawajasimamisha kazi?"

Nieleze alichokuwa akiuliza. Katika ufuo wao, ziwa likimchukua mtu, hakuna mtumbwi unaokwenda kuvua mpaka apatikane. Nyavu huanikwa, hata za yule ambaye hakumjua marehemu, hata za ufuo wa jirani. Mitumbwi ikitoka, inatoka kutafuta tu. Na familia hukaa ukingoni mwa maji. Watu hawakai kujadili kama ni maji ya nani. Ziwa ni moja. Lynnet alikua akiliona hilo, na mara mbili alilia njaa ya samaki kwa sababu ya mtu asiyemjua. Lakini alipofika kilimani alikuta maji yamegawanywa kwa majina ya wenye mashimo, akayapokea hivyo.

Aliweka simu chini. Alitoka bila kuniaga, nikamfuata. Hakwenda Chini, alikokuwa akishinda siku zote zile. Alipanda hadi Juu, akasimama penye mdomo wa paipu ya Jeff. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Akaufuata mfereji wake kwa miguu, akiteremka nao, hadi kwenye Shimo la Zamani. Mekundu. Akateremka tena hadi Chini, akapiga magoti, akachota kwa kiganja. Aliyatazama mpaka yakamwishia kiganjani. Halafu alirudi Juu, akafungua kamba ya ule mti mrefu, akaishusha bendera na kuikunja kama mtu anavyokunja nguo za mtoto.

Mkutano ulifanyika mchana huo huo, penye kibanda cha kupimia mawe. Waliitwa wote, na Lynnet alituma mtu ng'ambo ya barabara akawaite wanawake pia. Baadhi ya wanaume waliguna. Yeye aliwangoja wanawake wafike na wakae.

Alieleza alichokiona, kwa maneno machache. Maji ya Juu na ya Kati yako Chini. Ukiyavuta Chini peke yake unajaribu kukausha kilima kizima kwa pampu moja. Alitaka Juu na Kati wazime, wazilete pampu zao kwenye Shimo la Zamani, na maji yavushwe ua wa Jeff hadi kwenye mteremko wa kijito. Alijua anachoomba. Shimo likikaa bila pampu linajaa, kuta zinalowa, nguzo zinaachia. Kazi ya miezi ingeharibika, na hakuna wa kuifidia.

Jeff alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa. "Madamu," alisema, "Nashon alikuwa rafiki yangu. Lakini shimo langu liko ndani ya ua wangu. Ojuok ya mzee imesimama pale miaka yote. Vile mnaongea ni kama mimi nilibomoa ukuta wa watu."

"Ojuok haiendi chini hivyo, Jeff."

"Na nani ameenda chini akaona?"

"Nashon," alisema Lynnet.

Jeff aliona aibu, na aibu ikamfanya awe mkali. Akaionyesha bendera iliyokuwa mapajani mwa Lynnet. "Wewe ndio ulitushindanisha. Tulikimbia vile ulitaka tukimbie. Sasa unataka tushtaki kitambaa?"

Watu wachache walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Lynnet hakukasirika. Alisema, "Ndiyo. Tuanze na hicho. Mimi nilimpa bendera aliyetoa maji kwake haraka zaidi. Sikuuliza anayapeleka wapi. Kila mliponiletea shimo kavu niliwapigia makofi, na yale makofi yalikuwa yanamjazia ndugu yangu maji." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuitia majina, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumwangalia.

Ndipo Damaris akasimama. Ni mwanamke mwembamba, mpole, na hakuwa amewahi kusema mkutanoni. "Mlisema ni mimi," alisema. "Maji yakiwa mekundu, mlisema ni mimi. Mtoto wangu alichekwa shuleni. Hata mmoja wenu hakutembea mpaka Juu kuangalia." Akakaa. Hakuwa ameomba chochote, na hakuna aliyempa chochote, hata neno. Nililiona hilo na bado linaniuma.

Ahmednur alikuwa amekuja kutoka mjini na viatu vyake vya dukani vilikuwa vimejaa tope. Alimgeukia Lynnet. "Dada," alisema, "kwetu maiti haisubiri. Mimi nimepita hapa kila siku nikikupa pole, na kijana yuko ndani ya maji, na injini yangu inawaka. Chukua pampu." Mtu akamuuliza maji yangemwagwa wapi, kwa vile Jeff hajafungua ua. Akafikiri kidogo. "Mwageni kwangu. Kati. Ni shimo tu."

Jeff aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Alisema hapa hakuna mtu atamwambia akate mpaka wa baba yake, na vijana wake wakamfuata, wengine wakitazama nyuma.

Pampu ya Ahmednur ilihamishwa alasiri hiyo. Kati ikaanza kujaa, na wachimbaji wake walisimama wakiitazama kazi yao ikizama. Kwenye Shimo la Zamani, hata hivyo, maji hayakushuka. Yaliyotolewa na pampu ya Kati yaliletwa tena na Juu. Lynnet alisimika kijiti ukutani kuonyesha usawa wa maji, na jua lilipokuwa likielekea kuzama kijiti kilikuwa bado kinaguswa na maji pale pale.

Saa hiyo ndipo Mama Rispa alipofika. Alikuwa amevuka ziwa kwa boti hadi Mbita na kuja kwa gari kutwa nzima, na begani alikuwa na shuka ya kumfunikia mwanawe. Wanawake walitaka kumpeleka Chini, kwenye mdomo wa shimo alimokuwa Nashon. Aliliangalia, akauliza maji yametoka wapi. Lynnet akanyoosha mkono kuonyesha juu. Bibi yule akaanza kupanda kilima, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, na hakutaka kushikwa mkono.

Alikaa chini, miguu ameinyoosha, kando ya injini ya Jeff. Jeff akatoka nyumbani kwake mbio mbio. Alimwamkia kwa heshima yote, akamwambia, "Mama, hapa kuna moshi na kelele. Twende nyumbani, mke wangu akupe chai."

"Kwetu tunakaa ukingoni mwa maji," Rispa alisema. "Nimeuliza maji yanatoka wapi. Nimekaa yanakotoka."

"Mwanao yuko Chini, mama."

"Najua aliko."

Hakumlaani, wala hakulia. Alitandika shuka ile magotini na kuangalia mdomo wa paipu. Mke wa Jeff alileta chai, ikapoa. Vijana wa zamu walisimama mbali na injini, hakuna aliyetaka kuwa karibu naye akiiongezea mafuta. Giza lilipoingia nilimwacha Lynnet amekaa kando ya mama yake, na pampu ya Juu ilikuwa bado inanguruma.

Nashon alipatikana. Nalisema sasa kwa sababu sitaki kumaliza na jeneza. Alirudishwa Mfangano kwa boti, akazikwa pembeni mwa nyumba ya baba yake, na watu wa mashimo yote matatu walivuka ziwa kumsindikiza, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, wakishikilia kingo za boti kwa hofu. Lynnet bado ni meneja. Bendera haijapandishwa tena. Sasa, akipita asubuhi, haulizi shimo lako limekauka kiasi gani. Anauliza maji yako yamekwenda wapi, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu bila kwenda naye kuyaangalia. Wachimbaji wananung'unika kwamba anapoteza muda. Damaris na wenzake wamerudi kwenye kivuli, lakini wapo wanaume ambao mpaka leo hugeuza uso wakipita. Kilima hakijawa paradiso. Nimekusudia kusema ukweli.

Ninachotaka kukuachia ni kile nilichokiona asubuhi iliyofuata mkutano ule.

Niliamshwa na ukimya. Mtu aliyekaa Masara hulala ndani ya ule mngurumo kama mtu wa ufuoni anavyolala ndani ya mawimbi, na ukikatika unaamka. Nilivaa viatu, nikapanda kilima. Injini ya Juu ilikuwa imezimwa, na vijana walikuwa wakiiteremsha kwa magogo kuelekea Shimo la Zamani, wakiongea kwa sauti za chini. Mdomoni mwa shimo la Jeff maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda ngazi.

Mama Rispa alikuwa bado amekaa pale pale, mabegani amewekewa blanketi ambalo halikuwa lake. Mbele yake, penye ua, Jeff alikuwa na panga. Alikuwa amejifunga shati usoni ili utomvu usimwingie machoni, na alikuwa akikata ojuok ya baba yake, shina baada ya shina. Maziwa ya mmea yalimtiririka mikononi hadi viwikoni. Kila shina lililoanguka alilivuta kando kwa uangalifu, akalilaza kwenye mstari, kama mtu anayekusudia kukumbuka mahali lilipokuwa. Damaris na wanawake wengine walikuwa wamejipanga nyuma yake na paipu mabegani, wakingoja pengo lipanuke. Alipomaliza alisogea, nao wakapita.

Lynnet alipiga kelele kutoka kwenye Shimo la Zamani kwamba wako tayari. Injini zikawaka, zote, kwa wakati mmoja. Paipu ikatetemeka na kutapika hewa, kisha maji ya kwanza yakavuka mpaka na kushuka mteremko kuelekea kijito, mekundu kabisa. Kule chini yetu Lynnet alikuwa amechuchumaa kando ya kijiti chake. Baada ya muda aliinua uso, akatuangalia sisi tulio juu, akaweka kiganja ukutani, chini kidogo ya kijiti, mahali palipokuwa penye maji na sasa palikuwa na unyevu tu.

Mama Rispa alimwona. Alikunja shuka yake, akaikung'uta vumbi, akamnyooshea Jeff mkono. Jeff akaufuta wake kwenye suruali kwanza, kwa sababu ya utomvu, kisha akamwinua. Bibi akaanza kuteremka kwenda Chini kumngojea mwanawe.